Mwalimu Mbadala Mwaka Mzima, Baba Krismasi Msimu Ukifika: Mwongozo Kamili wa Kuzishika Kazi Zote Mbili

Mtoto akimkuta mtu mzima asiyemjua amekaa kwenye kiti cha mtu anayemjua, hunyamaza kwanza akamtazama. Nimeuona ukimya huo asubuhi darasani, mwalimu wao akiwa mgonjwa nami nimeletwa kumshikia nafasi. Nimeuona tena mwezi Desemba nikiwa ndani ya suti nyekundu, mtoto amesimama hatua tatu mbele yangu, kashikilia sketi ya mama yake kwa mikono miwili. Ni ukimya uleule. Una kama dakika moja ya kuujibu, na ukiujibu vibaya, siku nzima itakuwa ya kuvutana.

Hapo ndipo kazi hizi mbili zinapokutana. Wengi huziunganisha kwa sababu ya kalenda: shule zinapokaribia kufunga, simu za kumwita mwalimu mbadala hupungua, na wakati huohuo maombi ya Baba Krismasi hupamba moto. Sababu hiyo ni ya kweli na ina faida yake mfukoni. Lakini mtu anayedumu katika zote mbili ni yule aliyejifunza kuaminika haraka mbele ya watoto asiowajua, bila kuwadanganya na bila kuwatisha. Mwongozo huu unafuata mwaka tangu hati za kwanza hadi suti inaporudi kabatini.

Anza na hati, mapema

Usingoje upate kazi ndipo utafute hati. Hati ya polisi ya tabia njema inatakiwa na shule, na wenye maduka makubwa wanaoajiri Baba Krismasi huidai pia. Mahali pengi huchukuliwa alama za vidole. Huchukua wiki kadhaa, na ina muda wa kuisha. Iombe mwanzoni mwa mwaka ili iwe hai mwezi Desemba.

Sifa za mwalimu mbadala hutofautiana sana. Kuna mahali anatakiwa mwenye mafunzo kamili ya ualimu, kuna mahali shahada yoyote inatosha, na kuna mahali cheti cha sekondari pamoja na mafunzo mafupi kinakufungulia mlango. Nenda ofisi ya elimu ya eneo lako, au kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, na uombe masharti kwa maandishi. Maneno ya mdomo katika jambo hili yamewapotezea watu miezi.

Fanya pia mafunzo ya huduma ya kwanza, hasa ya mtoto aliyepaliwa. Pata chanjo ya mafua kabla ya msimu, maana katika wiki chache tu utapumua hewa moja na mamia ya watoto na wazazi wao. Na kuna bima: mwalimu mbadala mara nyingi hulindwa na mwajiri, lakini ukiwa Baba Krismasi wa kujitegemea, mtoto akijikwaa kwenye buti lako akaumia, deni ni lako. Tafuta bima ya madhara kwa watu wengine, na usome ndani yake kama inakubali kazi ya kukaa na watoto. Ukilipwa, tenga sehemu ya kodi siku hiyohiyo. Weka daftari moja lenye kurasa za shule na kurasa za msimu, kwa sababu mapato hayo mawili mara nyingi hayahesabiwi kodi kwa njia moja.

Zigawe siku zako

Mikataba ya majengo makubwa ya maduka huanza kuzungumzwa katikati ya mwaka, wala si Novemba. Ofisi na makanisa hufuata Septemba na Oktoba. Familia hukumbuka mwisho kabisa. Kwa hiyo ifikapo Oktoba uwe na karatasi moja inayoonyesha kila siku kuanzia katikati ya Novemba hadi tarehe 24 Desemba: zipi za shule, zipi za suti, zipi za kulala.

Siku za kulala si mzaha. Kusimama darasani tangu asubuhi kisha kukaa kwenye kiti cha Baba Krismasi hadi usiku kunaweza kufanyika mara moja au mbili. Ukiifanya wiki nzima sauti inakatika, na sauti ndiyo mtaji wako kotekote. Mimi huweka siku tatu za shule kwa wiki mwezi Novemba, na Desemba hupokea siku za shule ambazo jioni yake iko wazi tu.

Shule ikikuomba umshikie mwalimu aliye likizo ya uzazi kwa miezi mitatu, na miezi hiyo inavuka Desemba, ikatae kwa heshima au uuache msimu ule upite. Darasa la muda mrefu lina kusahihisha, kuandaa mitihani na kuonana na wazazi, na watoto wale hawastahili mwalimu anayesinzia. Na ukishasema ndiyo kwa shule, usivunje ahadi kwa sababu ya sherehe inayolipa zaidi. Karani wa shule ndiye anayepiga simu alfajiri, na karani hasahau.

Ukiitwa darasani

Fika nusu saa kabla ya kengele. Pita ofisini kwanza ukaombe vitu ambavyo usipoviomba huenda usipewe: rejista ya mahudhurio, ramani ya viti, andalio la somo, ratiba ya siku hiyo, na majina ya watoto wenye pumu, kifafa au mzio wa chakula. Uliza pia mtoto gani anachukuliwa na nani jioni, na mlango wa dharura uko wapi. Kisha ingia darasani likiwa tupu, utembee katikati ya madawati. Utajua ni dawati gani halionekani ukisimama ubaoni, na huko ndiko kelele itakakoanzia.

Andika jina lako ubaoni, na chini yake kazi za siku kwa mpangilio. Halafu usikae. Simama mlangoni umsalimie kila mtoto anapoingia. Salamu hiyo ya sekunde tatu kwa kila mmoja ina kazi kubwa kuliko hotuba yoyote utakayotoa baadaye, kwa sababu kila mtoto amekwisha kuonwa na wewe peke yake kabla hajawa sehemu ya kundi.

Kuna mchezo mmoja wa darasa kubadilishana majina mbele ya mgeni. Wanakaa kimya, macho yanacheka, na kila jina unaloita linaitikiwa na mtu asiye mwenyewe. Dawa yake ni karatasi. Mpe kila mmoja nusu karatasi, aikunje iwe kama hema, aandike jina lake kwa herufi kubwa na upande wa pili achore kitu anachokijua vizuri. Weka juu ya dawati. Mtoto anaweza kutoa jina la uongo kwa mdomo bila shida, lakini akishachora mpira, ng'ombe au ngoma ya nyumbani kwao, hupenda jina lililo juu ya mchoro ule liwe lake. Baada ya dakika kumi unawaita kwa majina, na unajua kila mmoja anapenda nini.

Usibadilishe desturi za darasa. Utaambiwa, "Mwalimu wetu hutuacha tukae popote." Huenda ni kweli, huenda si kweli. Jibu langu ni moja: "Nitamwandikia kwamba mmeniambia hivyo. Leo tutafuata ramani hii." Hakuna ugomvi, hakuna aliyeitwa mwongo, na kazi inaendelea.

Kuhusu nidhamu, aliyenisaidia kuelewa ni mtafiti wa Kimarekani Jacob Kounin, ambaye mwaka 1970 alitoa matokeo ya miaka ya kuchunguza madarasa. Alikuta kwamba jinsi mwalimu anavyokaripia baada ya fujo haikuwatenganisha sana walimu wenye madarasa tulivu na wenye madarasa ya vurugu. Tofauti ilikuwa katika yanayofanyika kabla: mwalimu anayeonyesha kwamba anajua kinachoendelea kila kona, na somo lisilo na mapengo ya kungoja. Kwa mwalimu mbadala hili ni mkate na maji, kwa kuwa huna historia na watoto ya kukufanya uogopwe. Tembea. Ukimwona anayeanza kuchokoza, sogea ukasimame karibu naye huku ukiendelea kufundisha, bila kumtaja. Ikibidi kusema, inama useme kwa sauti ya chini anayoisikia yeye peke yake. Ukimwaibisha mbele ya wenzake umempa jukwaa, na darasa lote litakaa upande wake kwa sababu wewe ndiye mgeni.

Mtafiti mwingine, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali. Kwa wastani ilikuwa kama sekunde 1. Walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa wakikaa kimya walianza kujibu. Ijaribu: uliza, kisha hesabu moyoni moja, mbili, tatu. Mwanzoni sekunde hizo huonekana kama mwaka. Ishike sana habari hii, maana tutairudia tukifika kwenye kiti chekundu.

Siku nyingine utakuta andalio hakuna kabisa, mwalimu ameugua usiku. Uwe na mkoba wako wenye hadithi fupi ya kusoma kwa sauti, karatasi tupu, penseli za ziada, na kazi mbili tatu zisizohitaji kitabu. Ninayoipenda kuliko zote ni ya nne nne: tumia tarakimu 4 mara nne, pamoja na alama za hesabu, upate kila namba kuanzia 1 hadi 20. Unawaanzishia ubaoni, 44 gawanya kwa 44 ni 1. Kisha 4 gawanya kwa 4, jumlisha 4 gawanya kwa 4, ni 2. Halafu 4 jumlisha 4 jumlisha 4, yote gawanya kwa 4, ni 3. Ukifika hapo weka chaki chini. Nimeiona kazi hiyo ikishika darasa la watoto wa miaka kumi kwa dakika arobaini, na nimeiona ikiwashika vijana wa sekondari waliokuwa wameapa kutofanya chochote siku ile.

Kabla ya kuondoka, mwandikie mwalimu mwenye darasa barua ya ukurasa mmoja: tulichomaliza, tulichobakiza, nani hakuwepo, lililotokea, na jambo moja jema kuhusu mtoto fulani kwa jina. Hilo la mwisho usiliache kamwe. Panga madawati, futa ubao. Utaitwa tena kwa sababu ya barua hiyo kuliko kwa sababu ya vyeti vyako.

Suti, ndevu na mwili ulio ndani yake

Ndevu kwanza, kwa kuwa ndizo zinazohitaji muda. Nywele za uso hukua kama sentimita moja kwa mwezi, pengine kidogo zaidi. Ukitaka ndevu zako mwenyewe zifike kifuani mwishoni mwa Novemba, wembe uuache tangu Januari, huku ukipunguza kingo tu. Ukizitaka nyeupe na bado ni nyeusi, mwachie kinyozi aliyebobea, na umpe zaidi ya siku moja, kwa sababu dawa ya kung'arisha huchoma ngozi ikiharakishwa. Nyusi usizitie dawa hiyo hata kidogo. Ziko karibu mno na macho. Tumia rangi nyeupe ya vipodozi.

Mwalimu mbadala ana jambo la ziada la kufikiria hapa: atakuwa darasani Oktoba na Novemba akiwa na uso huohuo. Ndiyo maana nawashauri wengi watumie ndevu za bandia zilizo bora, zenye msingi wa wavu unaoshika uso, zikiunganishwa na wigi la rangi ileile. Zile za nyuzi rahisi zenye kamba ya mpira nyuma ya masikio mtoto wa miaka minne huzigundua kabla hujaketi. Gundi ya ngozi ijaribu kwanza kwenye mkono siku moja kabla, uone kama itawasha, na uiondoe kwa dawa yake, usiibandue kwa nguvu.

Suti ni moto. Chini yake vaa fulana nyepesi ya pamba na uwe na ya kubadilisha. Kunywa maji kabla hujasikia kiu, na panga mapumziko yako ya kwenda msalani yaandikwe ndani ya mkataba, maana foleni ya watoto haina huruma na mwenye duka hataki kuikatiza. Uwe na jozi kadhaa za glovu nyeupe, kwa sababu jozi ya kwanza itakuwa imechafuka saa moja baadaye. Usile kitunguu wala kuvuta sigara kabla ya zamu. Usijipulizie manukato makali pia. Mtoto mwenye pumu ameletwa kupigwa picha, si kuugua.

Kwenye kiti

Mkumbuke yule mtoto aliyeshika sketi ya mama. Mama anamsukuma mbele, mpiga picha anapiga makofi, na nyuma foleni inasogea. Kila mtu ana haraka isipokuwa mtoto, na Baba Krismasi lazima awe upande wa mtoto. Usimwite. Usicheke lile "ho ho ho" kubwa; kwa mdogo ni ngurumo. Geuza uso pembeni, tazama viatu vyake, sema taratibu, "Viatu hivyo ni vya kukimbilia. Vinakimbia sana?" Kisha ngoja. Moja, mbili, tatu. Ni zile sekunde za Mary Budd Rowe, na hapa zina thamani kuliko hata darasani. Mara nyingi jibu ni kichwa kinachotikisika tu. Inatosha. Umeshazungumza naye.

Asipotaka kukaa nawe, mwambie mama aketi, mtoto akiwa mikononi mwake, nawe ukae pembeni. Au asimame mbele akitazama kitu kingine, wewe uonekane nyuma. Picha itapatikana. Mtoto anayelazimishwa kupakatwa huku analia anafunzwa kwamba mwili wake si wake, na mimi katika jambo hilo simkubalii mzazi yeyote, hata akikasirika. Mwambie kwa upole, "Mama, tumpe nafasi kidogo, tutapata picha nzuri zaidi."

Usimnyanyue mtoto wewe. Mzazi ndiye anayemweka na kumwondoa. Mikono yako, ndani ya glovu nyeupe, ionekane kwenye kila picha. Usikae peke yako na mtoto, iwe dukani au nyumbani kwa watu. Darasani sheria ni hiyohiyo: ukibaki na mwanafunzi mmoja, mlango uwe wazi. Na picha za watoto usiziweke kwenye mitandao yako, hata mzazi akikutumia akifurahi.

Kuna watoto ambao muziki, taa na kelele huwaumiza, wakiwemo wengi wenye usonji. Mwombe mwenye duka atenge saa za mapema za siku fulani: muziki umezimwa, taa zimepunguzwa, kila familia na muda wake, hakuna foleni. Siku hizo keti sakafuni ikibidi. Jifunze pia salamu chache za lugha ya alama ya mahali unapofanyia kazi. Mtoto kiziwi akimwona Baba Krismasi akiuliza jina lake kwa mikono, uso wake hubadilika kwa namna ambayo huwezi kuisahau.

Sasa maombi. Kanuni ni moja: usiahidi. Huijui mifuko ya wazazi wake. Mtoto akitaja baiskeli, inua macho kidogo umtazame mzazi. Ataitikia kwa kichwa au atakitikisa. Vyovyote, jibu lako liwe, "Nimelisikia. Na kama si hilo, nini kingine kingekufurahisha?" Kwa swali hilo la pili umemfungulia mzazi mlango wa kutokea.

Yapo maombi ambayo hayahusu vitu. Mtoto atakuambia anataka bibi yake aliyefariki arudi, au baba na mama waishi nyumba moja tena. Hapo usitafute maneno mazuri kwa haraka. Mpe zile sekunde tatu, na zaidi. Kisha sema ukweli anaoweza kuubeba: "Hilo Baba Krismasi hana uwezo nalo. Ninaona unampenda sana. Niambie kitu kimoja alichopenda kufanya nawe." Msikilize mpaka amalize. Foleni itangoja. Nimewahi kuambiwa habari ya bibi aliyekuwa akisuka nywele huku anaimba, na yule mtoto aliondoka ameushika mkono wa baba yake, akimweleza ule wimbo.

Na lipo zito kuliko hilo: mtoto anayekuambia kwamba anapigwa, au anaguswa vibaya. Hutokea darasani, hutokea kwenye kiti. Msikilize kwa utulivu, usimhoji, usimwahidi kwamba itakuwa siri. Mwambie amefanya vyema kusema. Andika maneno yake kama alivyoyasema mara tu unapopata faragha, na uyapeleke siku hiyohiyo: shuleni kwa mwalimu mkuu au anayehusika na ulinzi wa watoto, dukani kwa msimamizi, na kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto kama sheria ya mahali pako inavyodai. Kabla ya msimu kuanza, muulize mwajiri wako taarifa kama hiyo inapelekwa kwa nani. Usiondoke kwake bila jina na namba ya simu.

Mambo watakayokuuliza

Watoto ni wapelelezi, na Baba Krismasi asiyejua habari zake hukamatwa. Jua kwamba nyuma ya jina hili yupo Nikolasi, askofu wa Myra katika karne ya 4, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, na anasimuliwa kwa kutoa dhahabu kwa siri ili kuwaokoa mabinti watatu wa baba maskini. Ukiulizwa "Wewe ni wa kweli?", habari hiyo ni hazina: yupo mtu aliyetoa bila kutaka kujulikana, na watu wengine wakaendelea kufanya kama yeye.

Reindea, wale kulungu wa nchi za theluji, ni wanane katika shairi lililochapishwa Marekani mwaka 1823. Majina yao, kama yanavyotajwa siku hizi, yajue kwa moyo: Dasher, Dancer, Prancer, Vixen, Comet, Cupid, Donner na Blitzen. Rudolph mwenye pua nyekundu alikuja baadaye sana, mwaka 1939. Mtoto mmoja aliniambia kwamba reindea dume hudondosha pembe mapema majira ya baridi na jike hubaki nazo, kwa hiyo wanaovuta mkokoteni wangu lazima wawe majike. Ni kweli kuhusu pembe: madume waliokomaa kwa kawaida huzipoteza baada ya msimu wa kupandana. Nilimwambia amefikiri kama mwanasayansi, na nilimaanisha. Mwalimu aliye ndani ya suti asikose nafasi ya namna hiyo.

Ukitaka kusomea kazi hii rasmi, ipo shule iliyoanzishwa na Charles W. Howard mwaka 1937 huko Albion, jimbo la New York, ambayo siku hizi iko Midland, Michigan. Zipo nyingine fupi, na mafunzo ya kupitia intaneti. Lakini nawaambia wazi, mwaka mmoja wa kushikilia madarasa ya watoto wadogo ni shule tosha ya kuanzia.

Mwanafunzi akikutambua

Itatokea. Mtoto atakuja kwenye kiti, atakutazama machoni, na utaona kabisa akilini mwake kuna ubao na chaki. Punguza hatari kabla: usichukue zamu ya Baba Krismasi katika shule unazofundisha, ila mwalimu mkuu akikuomba mwenyewe. Badilisha miwani. Teremsha sauti na ipunguze kasi. Ficha makovu na pete. Usitumie maneno unayoyatumia sana darasani. Watoto hukutambua kwa maneno kuliko kwa sura.

Akisema, "Wewe ni mwalimu," usikane kwa ukali wala usiseme uongo mrefu. Mwulize, "Mwalimu huyo ni mwema kwenu?" kisha umwache ajibu. Mkubwa aliyekwisha kujua siri mpe heshima yake: mnong'oneze kwamba sasa na yeye ni miongoni mwa wanaowalindia wadogo furaha hii. Wengi hunyooka mgongo papo hapo.

Darasani, upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi. Watoto wa darasa moja wana dini na nyumba tofauti, na wengine Krismasi haiwahusu. Kofia nyekundu ibaki nyumbani. Mtoto akiuliza mbele ya wote kama Baba Krismasi yupo, jibu liwe, "Hilo ni la kuzungumza na watu wa nyumbani kwako," na uendelee na somo.

Mkataba na ziara za majumbani

Andika mkataba hata kwa jirani. Uonyeshe saa ya kuanza na kumaliza, mapumziko, chumba cha kuvalia chenye mlango unaofungika, malipo ya awali, na kinachotokea mmoja akiahirisha. Nyumbani kwa watu dakika 20 hadi 30 zinatosha. Zaidi ya hapo watoto huanza kuchunguza gundi. Piga simu siku moja kabla, upate majina na umri wa watoto, mlango wa kuingilia, na kama kuna mbwa. Zawadi ziwe zimewekwa nje kwenye gunia, kila moja na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, maana miwani ya Baba Krismasi na taa hafifu havipatani. Gari lako liegeshe mbali. Mzazi asitoke chumbani, na hilo mwambie kwenye simu, mapema, kama sharti la kazi.

Usipange nyumba zilizobanana usiku wa tarehe 24. Acha angalau nusu saa ya ziada kati ya nyumba na nyumba. Familia ya mwisho ina watoto waliokataa kulala kwa ajili yako.

Suti ikirudi kabatini

Tarehe 26 usilale moja kwa moja. Osha ndevu za bandia kwa shampuu na maji baridi, zikaushie kwenye kibao chenye umbo la kichwa, mbali na jua. Suti ipeleke kwa fundi wa kusafisha, glovu zifue kwa mkono, buti zijaze magazeti. Andika kwenye daftari waliokulipa, waliochelewa, nyumba ambayo ungependa kurudi, na maswali mapya ya watoto uliyoshindwa kuyajibu. Wapigie wenye maduka uliofanya nao vizuri kabla Januari haijaisha. Kisha hakiki tarehe ya hati yako ya polisi, jaza penseli kwenye mkoba, na uiweke simu karibu na kitanda, kwa kuwa wiki ya kwanza shule zinapofunguliwa kuna mwalimu atakayeamka na homa.